Tatu kati ya tano: namba inayoua katika milima ya Alps

Kila Januari jina la Davos hupita kwenye taarifa zetu za habari. Rais fulani ameondoka kwenda Davos, waziri wa fedha amezungumza Davos, mabilionea wamekutana Davos kujadili umaskini. Kamera huonyesha ukumbi, bendera na watu waliovaa suti ndani ya makoti mazito, katika mji wa Uswisi ulio mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Arusha. Milima inaonekana kwa mbali, na hakuna anayeiuliza swali.

Januari 2018 milima hiyo ilijitangaza yenyewe. Theluji ilianguka siku kadhaa mfululizo, treni zikachelewa, barabara zikafungwa, na wajumbe wa Jukwaa la Uchumi Duniani wakapata tabu kufika mkutanoni. Siku moja kabla ya ufunguzi, eneo kubwa la Alps za Uswisi lilikuwa limewekwa kwenye kiwango cha 5 cha hatari ya maporomoko ya theluji, ambacho ndicho cha mwisho. Kiwango hicho hakikuwa kimetangazwa kwa upana wa namna ile tangu Februari 1999. Wiki mbili kabla, mji wa Zermatt ulikuwa umekatika kabisa, barabara na reli zimefungwa, watalii wapatao 13,000 wamo ndani.

Habari hizo zilizunguka dunia, na aliyezisoma alibaki na picha moja kichwani: hatari ya theluji ni dhoruba, ni namba 5, ni mlima unaoshukia kijiji usiku. Picha hiyo iliwahi kuwa kweli tupu. Siku hizi anayekufa kwa theluji katika Alps hufa zaidi siku ambayo namba ni 3, anga ni safi, jua linawaka, na hakuna mwandishi wa habari aliyetumwa popote.

Namba zenyewe hutolewa palepale Davos, na Taasisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko, inayojulikana kwa kifupi cha SLF. Ilianza kwa unyonge. Mwaka 1936 watafiti wachache walijenga kibanda cha mbao Weissfluhjoch, juu ya mji, karibu na mita 2,700, wakaanza kuikata theluji vipande na kuitazama kwa hadubini. Miongoni mwao walikuwamo Henri Bader, mtaalamu wa fuwele, na Robert Haefeli, mhandisi aliyezoea kupima udongo wa kujengea. Wazo la Haefeli lilikuwa rahisi na la busara: theluji iliyolala mteremkoni ni mzigo kama udongo ulivyo mzigo, kwa hiyo inaweza kupimwa uzito wake, mvutano wake na mahali itakapokatikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uswisi, lililokuwa na askari wengi milimani, lilitaka kujua kila wiki ni wapi pa kupita, na vita vilipokwisha 1945 kazi hiyo ikakabidhiwa taasisi. Haijakatika tangu hapo. Katika majira ya baridi taarifa ya hatari hutoka kila siku saa 11 jioni, na hurudiwa saa 2 asubuhi, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza.

Nyuma ya taarifa hiyo wako waangalizi wapatao 200 waliotawanyika mabondeni. Wengine ni wafanyakazi wa reli, wengine wakulima, wengine waongozaji wa milima. Ipo pia mitambo zaidi ya 150 isiyo na mtu, iliyosimama vileleni ikipima kina cha theluji, upepo na joto. Mtu anayeamka alfajiri kuchomeka rula kwenye theluji nyuma ya nyumba yake hana mvuto wa kutangazwa, lakini ndiye msingi wa mambo yote.

Kwanza tuimalize namba 5, kwa sababu kisa chake ni kisa cha dola iliyojifunza. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 theluji iliua watu 98 nchini Uswisi, wengi wao wakiwa vitandani au mezani. Kijiji cha Vals kilipoteza watu 19 katika jioni moja ya Januari. Nchi ilifanya uamuzi wa gharama kubwa: ilichora ramani za kila bonde, ikakataza kujenga palipokuwa na alama nyekundu, ikapanda misitu, ikasimamisha nyuzio za chuma vileleni zinazoshikilia theluji isianze safari. Nyuzio hizo leo zikiungwa moja kwa moja zinazidi kilomita 500. Wazo la msitu halikuwa geni. Huko Andermatt wanakijiji walikuwa wamekubaliana tangu mwaka 1397 kwamba msitu ulio juu ya nyumba zao haukatwi hata tawi. Huko Frauenkirch, jirani na Davos, kanisa lina ukuta wa nyuma uliochongoka kuelekea mlimani, ili theluji ikija igawanyike pande mbili na waumini wabaki katikati. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza maarifa haya ya Uswisi na Austria ya kuishi na hatari ya maporomoko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mtihani ulikuja Februari 1999, pale baadhi ya maeneo yalipopokea zaidi ya mita tano za theluji ndani ya wiki chache. Huko Galtür, Austria, Februari 23, poromoko lilifika hadi sehemu ya kijiji iliyokuwa imehesabiwa salama. Watu 31 walikufa, na saba wengine kesho yake katika kitongoji jirani cha Valzur. Uswisi ilipoteza 17 majumbani na barabarani. Ni wengi, ila ukilinganisha na 98 wa mwaka 1951, tena katika nchi iliyokuwa imejaa hoteli na magari kuliko zamani, unaona kazi ya miaka hamsini. Mwaka 2018 nyuzio zilishika, barabara zilifungwa mapema, watu walihamishwa kabla ya usiku. Mkutano wa mabilionea uliendelea.

Kwa hiyo dola ya Uswisi ilikwisha kumwokoa mtu aliyelala nyumbani. Aliyebaki ni yule anayeondoka nyumbani.

Wastani wa vifo vya maporomoko nchini humo ni karibu watu 20 kwa mwaka, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hufa mbali na nyumba, mbali na barabara na nje ya njia rasmi za kuteleza. Hawa ni watu waliopanda mlima kwa miguu yao, mbao za skii zikiwa zimefungwa ngozi maalumu chini ili zisirudi nyuma, au walioshuka kwenye kiti cha kamba wakavuka uzio kutafuta theluji ambayo haijakanyagwa. Tena katika ajali hizo, zaidi ya tisa kati ya kumi, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake waliyefuatana. Hapa ndipo theluji inapoachana na majanga tuliyoyazoea. Huko Hanang, Desemba 3, 2023, tope liliwafuata watu wa Katesh majumbani mwao. Katika Alps mtu hulifuata poromoko, hulipandia, na huliwasha kwa uzito wa mwili wake.

Nalo haliwashwi kirahisi namba ikiwa 1. Namba ikiwa 4 au 5 wengi wanabaki hotelini, kwa sababu hata mtoto anaona miteremko ikiporomoka yenyewe ng'ambo ya bonde. Namba 3 ni ya katikati. Hutangazwa katika karibu theluthi moja ya siku za majira ya baridi, na siku hizo hubeba karibu nusu ya vifo vyote. Nchi za Alps zilipokubaliana mwaka 1993 kutumia kipimo kimoja cha ngazi tano, zilirahisisha mambo kwa mtelezaji anayevuka mipaka, jambo jema. Lakini mtu aliyelelewa na shule akiona tatu kati ya tano anasoma wastani, alama ya kupita. Kipimo hiki hakikujengwa hivyo. Hatari hupanda kwa kuzidishwa, haipandi kwa kujumlishwa, na namba 3 maana yake rasmi ni kwamba mtu mmoja peke yake anaweza kuiangusha theluji, wakati mwingine hata akiwa mbali na mteremko wenyewe. Kwa maoni yangu, ubaya wa ngazi ya tatu ni kwamba haina dalili za kutisha. Mlima umetulia. Unamsubiri mtu.

Unasubirije? Jibu lipo chini ya theluji, na linaanza Novemba.

Theluji ya kwanza ya msimu huwa nyembamba. Ardhi iliyo chini yake bado ina joto la karibu sifuri, na juu yake kuna usiku mkavu wa nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Katika sentimita thelathini tu kuna tofauti kubwa mno ya joto. Mvuke wa maji husafiri kutoka chini kwenda juu kupitia vinafasi vya theluji, ukiganda upya kila unapopita, na punje zile laini zilizoanguka kutoka angani hubadilika polepole kuwa fuwele zenye pembe kali, nyingine zenye umbo la kikombe, ambazo hazishikani hata kidogo. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari. Hili hutokea zaidi katika miteremko inayotazama kaskazini, ambayo katika nchi zile haioni jua miezi ya baridi. Wakati mwingine kazi hiyo hufanyika juu kabisa ya theluji: usiku wa anga wazi jalidi huota uso mzima wa mteremko, majani membamba ya barafu yaliyosimama wima, mazuri ya kupigwa picha. Yanapofunikwa na theluji mpya bila kuvunjika, uzuri wote huo hugeuka kuwa tabaka dhaifu ambalo linaweza kudumu wiki nyingi.

Kisha dhoruba inakuja na kumwaga theluji mpya. Upepo ni mbaya kuliko kiasi cha theluji, jambo ambalo wageni hawaliamini. Upepo huikwangua theluji upande mmoja wa ukingo, huzivunja punje zake vipande vidogo, na huzirundika upande wa pili zikiwa zimeshikana vizuri. Hivyo linapatikana bamba: tabaka gumu kiasi, linalobeba uzito, limelala juu ya lile linalomwagika. Katika mteremko wa zaidi ya nyuzi 30 bamba hilo linataka kushuka, na kinachokataza ni ule mshikamano hafifu wa chini pamoja na kingo zake.

Anakuja mtelezaji. Kwa skii zake anasukuma mzigo mdogo ndani ya theluji, na palipo na bamba jembamba mzigo huo unafika kwenye tabaka dhaifu. Fuwele chache zinavunjika. Bamba linakaa chini kwa milimita kadhaa, na kukaa huko kunavunja fuwele za jirani, na za jirani yake. Ufa hukimbia ndani ya mteremko makumi ya mita kwa sekunde, na utafiti wa watu wa Uswisi uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba katika miteremko mikali unaweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Aliyesimama katikati huona mstari ukichorwa juu yake, upana wa uwanja. Kama yuko mahali tambarare, hakuna kinachoanguka. Husikia tu mgumio mzito chini ya miguu, vuum, hewa ikifukuzwa kutoka kwenye tabaka lililobonyea. Waongozaji huuheshimu mlio huo kuliko kipimo chochote. Mlima umemwambia mtu jambo waziwazi, bure, akiwa bado hai.

Hesabu ya haraka: bamba la upana wa mita 50, urefu wa mita 100 na unene wa nusu mita lina mita za ujazo 2,500. Theluji ya namna hiyo ina karibu kilo 200 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni tani 500, na hilo ni poromoko la kawaida, si la kuandikwa magazetini. Ndani ya sekunde chache linakwenda kasi ya gari kwenye barabara kuu.

Msomaji wa Moshi au Marangu ataniuliza mbona Kilimanjaro hatusikii mambo haya. Kule theluji inayoanguka ni chache, na jua la ikweta huipiga karibu kila siku ya mwaka, nyingine ikigeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Haipati ile miezi mitano ya giza na baridi ya kujipanga tabaka juu ya tabaka. Barafu ya kileleni ni urithi wa kale unaopungua. Poromoko lililowahi kuua wapandaji pale juu ni la mawe: Januari 2006 yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach yakaua Wamarekani watatu.

Elimu ya ule ufa unaokimbia chini ya bamba imefika mbali na Uswisi. Februari 1959 vijana tisa wa Kisovieti walikufa katika milima ya Ural baada ya kulipasua hema lao kutoka ndani na kukimbilia gizani wakiwa nusu uchi, na kwa miaka sitini watu walisimulia majasusi, makombora na mazimwi. Mwaka 2021 Johan Gaume na Alexander Puzrin, watafiti wa vyuo vikuu vya Uswisi, walionyesha kwa hesabu kwamba bamba dogo la theluji lingeweza kuwajeruhi: vijana walikuwa wameukata mteremko kupata pa kusimamishia hema, na upepo ukaongeza mzigo juu yake kwa saa kadhaa hadi mteremko ukakatika. Gaume aliwahi kwenda kuwaona watengenezaji wa filamu ya katuni ya Frozen ili ajifunze namna walivyoichora theluji inavyotembea, akaibeba hesabu yao akaitumia kwenye kazi yake. Mazimwi yana wapenzi wake, kwa hiyo sidhani kama mjadala umekwisha.

Tukirudi kwa watu. Machi 10, 1988, huko Klosters, bonde la jirani kabisa na Davos, kundi la Waingereza likiwa na mwongozaji lilikuwa nje ya njia rasmi pale mteremko ulipokatika. Meja Hugh Lindsay, aliyewahi kumtumikia Malkia, alifukiwa akafa, na mwanamke mmoja akavunjika miguu. Aliyeponea chupuchupu alikuwa Charles, wakati huo mrithi wa kiti cha Uingereza, leo mfalme. Uchunguzi wa Uswisi ulisema poromoko lilianzishwa na kundi lenyewe, na hakuna aliyeshtakiwa. Februari 17, 2012, huko Lech, Austria, namba ya siku ikiwa 4, mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifukiwa kwa zaidi ya dakika 20. Alitolewa akiwa na uhai lakini ubongo ulikwisha kukosa hewa. Alifariki Agosti mwaka uliofuata bila kurudiwa na fahamu kamili.

Siku mbili baada ya Lech, upande wa pili wa dunia, watu 16 walishuka Tunnel Creek katika milima ya Cascade, jimbo la Washington. Kundi hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Lilikuwa limejaa watelezaji mahiri, waandishi wa majarida ya skii na wenyeji walioujua mlima ule kwa miaka mingi. Theluji nyingi ilikuwa imeanguka na taarifa ya hatari ilikuwa imesomwa. Baadaye baadhi yao walikiri kwamba walikuwa na wasiwasi moyoni, na hawakuusema, kwa sababu kila mmoja aliwaangalia wenzake akaona wataalamu watupu. Watatu walikufa. Gazeti la New York Times lilichapisha kisa hicho Desemba 2012 kwa jina la Snow Fall, na John Branch akapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wanafunzi wa uandishi wa habari huisoma kazi ile kwa ajili ya picha zake zinazotembea. Mimi ningewaomba wasome ule ukimya wa kundi.

Ian McCammon, Mmarekani aliyechambua ajali 715 za maporomoko zilizotokea nchini mwake kati ya 1972 na 2003, alikuwa ameuona ukimya huo kabla. Wengi wa wahanga walikuwa na elimu ya kutosha kuitambua hatari, na dalili zilikuwepo. Walichofanya ni kufuata njia za mkato za akili: mteremko huu naujua, tumekwisha panga, yule mbele ni bingwa, wenzetu wamepita jana, tukichelewa wengine watatuwahi theluji safi. Katika miteremko iliyozoeleka hata waliosoma sana walijiachia kama wasiosoma. Mtu yeyote aliyepanda basi lililojaa usiku kwa sababu abiria wengine wamepanda anaelewa.

Poromoko likisimama, theluji yake inakuwa ngumu. Msuguano huipasha joto kidogo wakati wa safari, na inapotulia punje hushikana mara moja, kiasi kwamba aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kuutoa mkono wake. Aliyefukiwa kabisa anapumua hewa iliyobaki kwenye theluji mbele ya pua yake, kisha anaanza kupumua hewa yake mwenyewe. Zamani ilifundishwa kwamba ana kama dakika 15 hadi 18 kabla uwezekano wa kuishi haujaporomoka. Uchambuzi wa ajali za Uswisi za miaka 40 uliochapishwa 2024 umeupunguza muda huo hadi dakika 10. Helikopta za Rega, shirika la uokoaji wa angani lililoanzishwa 1952, ni za kusifiwa, lakini ndani ya dakika 10 rubani ndiyo kwanza anawasha injini. Mwokozi wa kweli ni yule uliyekuwa ukimtania njiani.

Yeye anahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni redio ndogo ya kifuani, iliyobuniwa mwaka 1968 na mhandisi John Lawton huko Buffalo, New York. Kila mmoja huiwasha asubuhi itoe mawimbi ya redio yasiyosikika na sikio, leo kwa masafa ya kilohezi 457, na ajali ikitokea waliosalimika huzigeuza redio zao zipokee. Cha pili ni ufito mrefu unaokunjwa, wa kuchoma theluji hadi uguse mwili. Cha tatu ni beleshi, na hili ndilo linalodharauliwa. Kumfikia mtu aliye mita moja chini kunataka kuondoa zaidi ya tani moja ya theluji ngumu, nako ndiko dakika zinakoishia. Siku hizi kuna pia begi lenye puto linalojaa hewa kwa kuvuta mshipi, likambakiza mtu juu ya theluji inayotembea. Mwanamke mmoja wa Tunnel Creek aliokolewa nalo. Utafiti wa 2014 ulikadiria kwamba puto likijaa, uwezekano wa kufa kwa aliyebebwa na poromoko kubwa hushuka kutoka asilimia 22 hadi 11. Ni nusu. Nusu nyingine ya wale ambao wangekufa bado inakufa.

Ndiyo maana napendelea kazi ya Werner Munter, mwongozaji wa Uswisi mwenye ndevu na sauti ya ubishi, aliyewaudhi wenzake miaka ya 1990. Desturi ilikuwa kuchimba shimo, kukata nguzo ya theluji na kuigonga ili kuona itavunjika lini. Vipimo hivyo vipo hadi leo na vina faida. Kimoja hukata nguzo ya sentimita 90 kwa 30, kikaipiga mara kumi kwa kifundo cha mkono, kumi kwa kiwiko, kumi kwa bega. Munter alisema theluji hubadilika kutoka hatua hadi hatua, na shimo moja haliwezi kuusemea mteremko mzima. Akapendekeza hesabu ambayo mtoto anaiweza: namba ikiwa 2, usiingie mteremko wa nyuzi 40, ikiwa 3, kaa chini ya nyuzi 35, ikiwa 4, chini ya 30. Mabingwa walilalamika kwamba anaufanya mlima kuwa duka la mizani. Leo misingi yake hufundishwa Alps nzima, na ramani za simu hupaka rangi miteremko kwa nyuzi zake.

SLF nayo imelishughulikia tatizo la namba ya katikati. Tangu majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 ngazi ya tatu, pamoja na nyingine kuanzia ya pili, imegawanywa vipande: tatu ya chini, tatu ya kati, tatu ya juu. Tatu yenye alama ya kujumlisha inakaribia nne, na mwongozaji anayetaka kuwabadilishia wateja safari sasa ana karatasi ya kuwaonyesha. Wateja waliolipa kuona kilele hawapendi kupelekwa kwenye msitu wa miteremko ya kinyonge.

Idadi ya wanaopanda kwa skii nje ya njia rasmi imeongezeka sana katika miongo ya karibuni, wakati vifo vimebaki karibu 20 kwa mwaka. Kwa hiyo safari moja leo ina hatari ndogo kuliko safari moja ya mwaka 1985. Duka la vifaa litasema ni redio na maputo. Mimi sifa ya kwanza naipeleka kwa taarifa ya saa 11 jioni, ya pili kwa nyuzi 35 za Munter, na vifaa vinafuata nyuma yao, kwa kuwa redio huanza kazi mtu akiwa amekwisha fukiwa. Aprili ikifika hesabu nayo hubadilika. Jua hulowesha theluji hadi chini, maji hulainisha kila kilichokuwa kimeshikana, na saa ya mkononi inakuwa muhimu kuliko pembe ya mteremko. Makundi huondoka vibandani saa 10 alfajiri na taa vichwani, theluji ikiwa bado imeganda, na aliyechelewa kunywa chai hubaki nyuma.